Anayevuta Asimame

Wifi yangu Mwanasaumu hakuvuta sigara hata siku moja, na mtu akikwambia alivuta, mlete kwangu Mtongwe nimpe maneno yake. Naanza na hili kwa sababu watu wa Likoni wana midomo. Wakiona mwanamke amekatwa shavu na kipande cha taya husema, "Huyo lazima alikuwa akivuta kwa siri." Kwa siri wapi? Yeye na mie tuliishi ua mmoja, kisima kimoja, choo kimoja. Mwanamke gani angevuta kwa siri na mie Mwanatabu nimekaa uani nakuna nazi?

Aliolewa na kaka yangu Matano akitokea Tiwi, akaja na mambo mawili ya kujulikana nayo. La kwanza ni kigelegele. Wifi akipiga kigelegele harusini, wanawake wengine wote huonekana kama wanakohoa. Sisi tulimtania kwamba siku moja atawachanganya watu wa feri, wadhani ni honi, waondoke kabla ya wakati. La pili ni mkono wake wa tambuu. Alikuwa akilipangusa jani, akilipaka chokaa kwa ncha ya kidole, akiweka popoo iliyokatwa nyembamba, iliki kidogo na kipande cha tumbaku, kisha akalikunja pembe tatu na kulifunga kwa karafuu moja. Ukiitazama tambuu yake huoni kitu ndani. Waona jani la kijani na kichwa cha karafuu, basi.

Hakukuwa na shughuli Mtongwe, wala Timbwani, wala Shika Adabu, iliyofanywa bila chano cha Mwanasaumu, lile sinia lake la mbao la kupangia tambuu. Posa, harusi, matanga, akija mgeni wa heshima, chano chake hutangulia. Mgeni akikataa tambuu amekutukana mwenye nyumba. Na sisi wenyewe wanawake tulitafuna tangu kufundwa ukungwini, asubuhi baada ya chai, mchana baada ya wali, jioni kwa ajili ya mazungumzo. Mimba zikitusumbua twatafuna, jino likiuma twatafuna zaidi.

Sasa sikiliza mkasa ulivyoanza. Mwaka wa themanini na nne chifu aliitisha baraza kwenye uwanja wa shule. Alikuja afisa wa afya kutoka kisiwani, ng'ambo ya feri, kijana wa bara, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, jina lake Gershom. Alikuwa na picha kubwa ya mapafu mawili, moja jekundu, jingine jeusi kama sufuria ya kuni. Akasema kwa Kiswahili chake cha bara kwamba lile jeusi ni la mvuta sigara. Kwa nini mtu ajiulie mbali hivyo? Tukamsikiliza vizuri, kwa kweli alijua kusema.

Alipomaliza akainua mkono. "Sasa, nataka ukweli. Anayevuta sigara asimame!"

Loo! Upande wa wanaume ukawa vichekesho. Huyu anamsukuma yule, yule anajificha nyuma ya mzee. Mwishowe wakasimama, karibu wote, na Matano wetu katikati yao ameinamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Upande wa wanawake tukacheka mpaka machozi, na mashavu yetu yamejaa. Mwanasaumu alitema kwenye kopo lake, akajifuta mdomo kwa ncha ya leso, akasema kwa sauti, "Haya, baba Mwanamkasi, umeyasikia? Ukifa kwa moshi mie sikai eda, naolewa siku ya pili!"

Hapo hata Gershom alicheka. Akatugeukia, akatusifu. "Nyinyi kina mama ndio mfano mwema. Hakuna hata mmoja aliyesimama."

Halafu, kama kawaida, mgeni akaletewa chano. Chifu alimnong'oneza kitu, nadhani alimwambia kukataa ni matusi. Gershom akachukua tambuu, akaitia mdomoni nzima nzima na karafuu yake, akatafuna. Jasho likamtoka kipajini. Akashika meza, akasema, "Eh, mama, hii kitu ina nguvu! Lakini ni tamu," na watu wakampigia makofi. Hakuuliza mna nini ndani. Sisi nasi hatukumwambia, na wala hatukuwa na nia ya kumficha. Nani humwambia mgeni kwamba ndani ya pilau mna mchele?

Kuanzia siku ile jambo likawa limekwisha kuhukumiwa. Sigara ni mbaya, daktari kasema. Tambuu haina neno, daktari kaitafuna mwenyewe mbele ya chifu. Mtoto wa shule akituletea maneno ya kitabuni tulimjibu hivyo hivyo.

Na wifi, kwa upande wake, alilichukua agizo la daktari kwa mikono miwili. Kaka yangu hakupata raha. Akiwasha sigara kibarazani anapokonywa. Akirudi bandarini ananuswa shati mlangoni. Siku moja wifi aliimwaga paketi nzima kwenye maji ya kuoshea samaki, na Matano alinuna siku mbili, hali chakula. Lakini mwaka haukuisha akaacha. Aliacha kabisa, wallahi, hata kifua kilichokuwa kikimkereketa alfajiri kikatulia. Mpaka leo mzee yuapanda mnazi. Mwenye kumwokoa ni mkewe, na alimwokoa huku tumbaku yake mwenyewe iko shavuni.

Nisisahau na wale wa gari la sigara, maana nikiwakumbuka damu yanichemka. Miaka hiyo lilikuwa likija gari la kampuni moja lina vipaza sauti, linasimama karibu na kivuko, lapiga muziki, wasichana waliovaa kofia wanagawa sigara moja moja kwa vijana na fulana kwa mwenye kucheza vizuri. Vijana wetu wasio na kazi wamejipanga foleni! Mwendo mfupi tu kutoka hapo, kwenye majumba ya matajiri kule Shelly, yenye maua ukutani, hilo gari sikuliona likiingia. Kule sigara haigawiwi bure. Nilimwuliza mmoja wa wale wasichana kwa nini hawaendi kule akanijibu, "Mama, kule hawapendi kelele." Basi huku sisi twapenda kelele.

Habari za Shelly nazijua kwa sababu Mwanasaumu alifua nguo huko, nyumba ya mzungu mmoja mstaafu na mkewe. Walimwita Mama Saumu. Mzungu alikuwa mtu wa kiko. Kiko asubuhi, kiko akisoma gazeti, nusura aoge nacho. Mpishi wao, Katana, Mgiriama wa Kisauni, ndiye aliyetuletea habari mwaka wa tisini kwamba bwana ameonekana na kidonda mdomoni, upande wa ndani wa shavu, kidogo kama punje ya mtama. Ameonekana na nani? Na daktari wa meno. Kumbe yule bwana huenda kila baada ya miezi sita akafunguliwa kinywa na kumulikwa taa, hata kama hakuna jino linalouma!

"Mtu aende kwa daktari wa meno na jino haliumi?" Mwanasaumu alimwuliza Katana.

"Ndivyo walivyo," akajibu Katana.

Wakampeleka Nairobi, wakakata kile kipunje, akarudi baada ya wiki mbili anakula samaki. Akaambiwa aache kiko, naye akakitupa. Siku aliyorudi alimkuta Mwanasaumu kwenye kamba ya nguo, akamwonyesha shavu lake. "Mama Saumu, tumbaku baya sana. Daktari nasema kama mimi chelewa, mimi kufa."

Wifi alimwambia pole kwa moyo wote. Jioni alinisimulia, macho yamemtoka kwa huruma. "Masikini mzee wa watu. Moshi, wifi. Moshi waua." Huku anakunja tambuu, moja yake na moja yangu.

Haikupita miaka mitatu akaanza kukataa pilipili. Mwanasaumu, ambaye hakuona chakula kuwa chakula bila pilipili! Akasema kuna mahali ndani ya shavu, pale pale anapoweka tambuu, panamchoma. Nikamwambia afungue nione. Niliona doa jeupe, na katikati jekundu. Tukafanya tulilofanyiwa na mama zetu. Tukachukua kipande cha tumbaku, tukakilowesha, tukakibandika juu ya kidonda. Kikafa ganzi. Akalala vizuri. Basi kila maumivu yakizidi, tumbaku nayo yazidi.

Tulipokwenda zahanati, mganga alikuwa na watu tele nje, watoto wa malaria, wajawazito, wazee. Hakumlaza wala hakummulika. Alimwuliza, "Unavuta sigara?"

"Astaghfirullah!" wifi akaruka. "Mie mwanamke wa kuvuta sigara?"

"Pombe?"

"Mimi Mwislamu, mwanangu."

Akampa dawa ya zambarau ya kupaka. Tulirudi, akampa vidonge. Tulirudi tena, likang'olewa jino ambalo halikuwa na kosa lolote. Kila mara swali lilikuwa lile lile, na kila mara jibu lilikuwa la kweli. Kidonda kikapanuka. Akawa haachi leso mdomoni, kwa harufu. Harusini akawa anakunja tambuu na kupeleka chano, lakini kigelegele akakiacha, ulimi ulikuwa mzito. Watu wakauliza, "Mwanasaumu ana nini siku hizi, amekasirika?"

Alichokiogopa ni kimoja, na alinitajia waziwazi tukiosha vyombo. Binti yake Mwanamkasi, wa pekee, alikwisha kuposwa. "Wifi," akaniambia, "nisipompigia mwanangu kigelegele siku ya harusi yake, nilizaliwa na ulimi wa nini?"

Mie nilichoka na zahanati. Nikamkokota mpaka hospitali kubwa kisiwani, tukapanga foleni tangu feri za kwanza. Tukampata daktari mwanamke, mdogo, anaitwa Jerioth, macho yamemvimba kwa uchovu. Akaanza kuandika bila kuinua uso. "Mama unavuta sigara?"

"Sivuti," akasema wifi, kwa shida.

Nikahisi moto unanipanda. Swali hilo tena! "Havuti!" nikadakia. "Hajavuta wala hatavuta! Amekula tambuu tu maisha yake yote kama watu wa heshima, sasa mtamwuliza mara ngapi?"

Kalamu ikasimama. Yule daktari mdogo akaniinulia uso. "Tambuu yenye tumbaku?"

"Tambuu gani isiyo na tumbaku?"

Akaweka kalamu chini, akavaa glavu, akawasha kitochi. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha ya Mwanasaumu, na alikuwa ameshapita arobaini na tano, mganga kumtazama ndani ya kinywa kwa taa. Alitazama muda mrefu. Kisha akatoka nje kidogo, na aliporudi alikuwa amenawa uso.

Sitaki kurefusha habari za Nairobi, alikotupeleka Jerioth. Walimkata shavu la kushoto, sehemu ya taya na nusu ya ulimi, kisha wakamchoma kwa mashine wiki nyingi, na Matano alilala kwenye veranda za hospitali na kapu la machungwa ambayo mkewe hakuweza kuyala. Jerioth alituambia kweli bila kuzungukazunguka: kingeonekana kikiwa kidogo, wangetoa kidonda tu na kushona. Nilimwuliza kidogo kiasi gani. Akanionyesha kwa ukucha. Nikalikumbuka shavu la mzungu.

Niliporudi Mtongwe nilikwenda Shelly kuwaambia wamtafute mfuaji mwingine. Mzungu alitoka mwenyewe kibarazani. Nilipomweleza alikaa kitini, uso umemwiva.

"Lakini mimi nakuwa na hii hii kidonda," akasema. "Kwa nini Mama Saumu hapana ambia mimi?"

"Na wewe uliyekuwa nacho, mbona hukumwuliza?" nikamjibu. "Miaka yote afua nguo zako na mdomo mwekundu, wadhani alikuwa akinywa damu?"

Katana alinikanyaga mguu. Mzungu hakukasirika, lazima nimtendee haki. Alisema kweli, akasema pole, akampelekea Mwanasaumu maziwa ya kopo mpaka alipohama. Lakini mie nilitoka pale nikilia barabarani kama mwendawazimu, maana kidonda kilikuwa kimoja, tumbaku ni ile ile, na shavu ni shavu tu. Wa kwao alimulikwa taa na jino haliumi. Wa kwetu alipakwa zambarau.

Mwanamkasi aliolewa mwaka wa tisini na tano. Bibi harusi alipotoka, wanawake wote walinyamaza, wakamgeukia mama mtu, kwa mazoea tu. Mwanasaumu akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Akajaribu tena, ikatoka pumzi, na mate yakamshuka kidevuni. Nikampangusa, nikamshika mkono, nikampigia mie. Kigelegele changu ni kibovu, tangu usichana ni kibovu, lakini nilikipiga mpaka koo likauma, naye alinibana mkono wakati wote.

Mwaka uliofuata chifu akaitisha baraza jingine, uwanja ule ule. Mgeni alikuwa Gershom. Nywele zimeingia mvi, sasa ni bosi, amekuja na gari na kipaza sauti. Kamati ya wanawake wakamwendea Mwanasaumu wakimwambia kwamba kama kawaida chano ni chake. Nilidhani atawafukuza. Akakubali kwa kichwa. Nilimkasirikia, nikamwambia wifi una wazimu, akanionyesha kiganja, ninyamaze.

Gershom alihutubia. Picha ilikuwa mpya, lakini ni mapafu yale yale. Alipomaliza akainua mkono, kama zamani. "Nataka ukweli. Anayevuta sigara asimame!"

Wanaume wakasimama. Na upande wa wanawake, Mwanasaumu akasimama.

Minong'ono ikapita uwanja mzima. Gershom alimwona, leso imemfunika nusu ya uso. "Mama, wewe unavuta?"

Mwanasaumu akashika chano chake, akatembea taratibu mpaka mbele, akakiweka mezani. Palikuwa na tambuu moja tu juu yake. Gershom akatabasamu. "Ah! Hii naikumbuka. Mwaka ule ilinizungusha kichwa." Akaichukua.

Mwanasaumu akamshika mkono kabla haijafika mdomoni. Akaichukua, akachomoa karafuu, akalifungua jani kwenye kiganja chake na kumsogezea aone. Kisha akaiteremsha leso. Watu wa mbele waligeuza nyuso. Gershom hakugeuza. Alitazama jani, akatazama shavu, akarudi kwenye jani. Miaka kumi na miwili baada ya kuitafuna, akauliza.

"Hiki cheusi ni nini?"

Tangu alipotoka Nairobi, mie ndiye niliyekuwa nikiwaeleza watu anachosema wifi, na nilikwisha kuinuka nimwendee. Lakini alilisema mwenyewe, kwa nusu ya ulimi, na kipaza sauti kilikuwa mbele yake. "Tumbaku."

Gershom akatugeukia sisi, wale mfano mwema, na safari hii mkono hakuuinua. "Kina mama," akasema polepole. "Anayetafuna asimame."

Tulitazamana. Akaanza bibi mmoja wa Timbwani, kwa fimbo yake. Akafuata jirani yake. Kisha tukasimama wote, nyanya, mama, na mabinti walioolewa mwaka jana, nami nikiwemo, Mwanamkasi kando yangu na shavu lake limetuna. Mwanasaumu alirudi mpaka mahali pake, akamtazama mwanawe aliyesimama, akaketi. Upande wa wanawake, ni yeye peke yake aliyeketi.